Operesheni ya Utumbo: Mkato Mrefu au Matundu Madogo?

Tuanze na mfano. Mzee mmoja analima mpunga ng'ambo ya Mto Kilombero. Tangu wakati wa kupanda alikuwa akiona damu chooni. Alidhani ni bawasiri, akanyamaza. Wakati wa kupalilia alianza kukonda. Mwishowe alipelekwa Ifakara kupimwa. Akaambiwa ana saratani ya utumbo mpana.

Mpwa wake akamwambia, "Mjomba, daktari anasema ukubali operesheni mapema."

Mzee akajibu, "Kupasuliwa kama kambale, mimi sitaki! Nasikia mijini siku hizi wanatoboa vitundu tu. Nitauza mpunga, mwakani niende huko."

Je, mzee afanya vema kungoja? Tujifunze.

1. UGONJWA WENYEWE

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya utumbo. Kazi yake ni kufyonza maji na kutengeneza choo. Saratani ya hapo mara nyingi huanza kama kinyama kidogo, hukua polepole kwa miaka. Ikiachwa huziba njia ya choo. Pia huweza kusambaa mpaka kwenye ini. Haiambukizi.

Dawa yake kubwa ni operesheni. Daktari hukata kipande cha utumbo chenye uvimbe, pamoja na tezi za jirani. Kisha mara nyingi huunga ncha mbili zilizobaki. Kazi hiyo ya ndani ni ile ile katika njia zote mbili. Tofauti ni mlango wa kuingilia.

2. NJIA YA KUFUNGUA TUMBO

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hupasua tumbo katikati, mkato wa shubiri moja hivi au zaidi. Huona na kushika utumbo kwa mikono yake. Njia hii haihitaji mitambo mingi, kwa hiyo hospitali nyingi huiweza. Ubaya wake ni kwamba kidonda ni kikubwa, maumivu ni mengi zaidi, na mgonjwa huchelewa kurudia kazi nzito.

3. NJIA YA MATUNDU

Hapa pia mgonjwa hulazwa usingizi. Tumbo hujazwa hewa ili pawe na nafasi ndani. Matundu machache hutobolewa, mengi yao upana wa kalamu hivi. Tundu moja hupitisha kamera ndogo, na daktari hutazama picha kwenye televisheni. Matundu mengine hupitisha vyombo virefu vya kukatia na kushonea.

Utauliza, uvimbe utapitaje kwenye tundu dogo? Haupiti. Lazima tundu moja lipanuliwe ili kipande cha utumbo kitoke. Kumbe hata huku kisu kipo!

Njia hii yataka mitambo ya bei kubwa, umeme wa uhakika na daktari aliyeifanyia mazoezi mengi.

4. IPI HUPONYA ZAIDI?

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Marekani na Kanada. Wagonjwa 872 waligawanywa katika njia hizo mbili. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi kwa watu 16 katika kila 100 waliotobolewa, na 18 katika kila 100 waliofunguliwa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema njia moja yaishinda nyingine. Waliotobolewa walikaa hospitali siku 5 kwa kawaida, na wenzao siku 6.

Jambo jingine: katika kila watu 100 walioanza kwa matundu, 21 hivi ilibidi wafunguliwe tumbo. Labda uvimbe ulikuwa mkubwa, au umeshikamana na viungo vingine. Hilo si kosa la daktari. Ni usalama wa mgonjwa.

Basi, matundu hupunguza maumivu na siku za kulala. Lakini kinachookoa maisha ni uvimbe kutolewa wote, na mapema.

5. TUFANYE NINI?

Ukiona damu chooni, ukakonda bila sababu, au choo kikabadilika kwa wiki kadhaa, nenda ukapimwe. Damu yaweza kuwa ya bawasiri, kichocho au kuhara damu. Anayejua ni aliyepimwa.

Tumbo likivimba, ukatapika, na choo wala upepo havitoki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwulize daktari: "Njia ipi yanifaa? Ipo hapa? Nikingoja, kuna hatari gani?" Njia ya matundu ikiwa karibu na inakufaa, vizuri. Ikiwa haipo, usiache operesheni iliyopo kwa sababu ya kuogopa kovu.

Mzee wetu anangoja mwakani. Saratani haingojei bei ya mpunga. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humuumbua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Njia hizi mbili zinafanana wapi? Zinatofautiana wapi?
2. Ungekuwa mpwa wa mzee, ungemwambia nini?
3. Kwa nini watu huona haya kusema habari za choo? Tutaondoaje haya hiyo?