Kumchagua Tabibu wa Uzazi

Ndugu zetu Waislamu, suala hili laulizwa sana: Je, yajuzu mwanamke wa Kiislamu kutibiwa na daktari mwanamume katika mambo ya uzazi? Na wako waume ambao, kwa kukosa jawabu, huwaweka wake zao nyumbani mpaka damu ikamwagika, ndipo hutafuta gari. Na jambo hilo huliita haya.

Jawabu ni kuwa sharia imetupangia daraja. Mwaka 1993 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Brunei, ikakata kuwa asili ni mwanamke atazamwe na tabibu mwanamke, Mwislamu, aliye bingwa. Asipopatikana, ni mwanamke asiye Mwislamu aliye muaminifu. Kisha mwanamume Mwislamu. Kisha mwanamume asiye Mwislamu. Na mwanamume asitazame ila kadiri ya haja, na awepo mume, maharimu au mwanamke muaminifu, kwa kuchelea faragha.

Basi angalieni: daraja ni nne, na ya tano ya kumwacha mgonjwa bila ya tabibu haimo. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia maangamizoni (Suratul Baqara, aya ya 195).

Lakini daraja hizi humfaa atafutaye mapema. Shirika la Afya Ulimwenguni, tangu mwaka 2016, lausia mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya kutimu wiki 12. Huo ndio wakati wa kuchagua, na yaulizwe haya:

Kwanza, je, jina lake na ubingwa wake vimo katika daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya? Uchamungu wa tabibu wapendeza, lakini pasipo ujuzi hauizuii damu.

Pili, azalishapo pana chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza, usiku na mchana?

Tatu, asipokuwapo yeye, nani hushika zamu? Huenda akaja mwanamume. Na hilo mke na mume walikubali mbele.

Nne, je, humsikiliza mgonjwa, na husitiri siri yake? Na mwenye kulijibu hili ni mke mwenyewe, si mume wala mama mkwe.

Ama kutokwa na damu, kuumwa na kichwa kwa nguvu, macho kuingia kiza, kifafa, au mtoto kupunguza kucheza tumboni, hayo hayangoji kuchagua. Apelekwe hospitali iliyo karibu, kwa yeyote aliye zamu.

Mwisho, twalalamika kuwa matabibu wa kike wa Kiislamu ni wachache, na wako kati yetu wawatoao binti zao skuli mapema. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 H, katika kitabu chake Ihya aliuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya, akalaumu kuwa miji imekosa matabibu wa Kiislamu na hali wanafunzi wamesongamana katika khitilafu za fiqhi. Lawama hiyo ingali yatuelekea. Atakaye mkewe atibiwe na mwanamke, na amsomeshe bintiye.

Wabillahi tawfiq.