Dondoo muhimu: Kabla ya kuilaumu bodi ya mashine ya kufulia

Mashine ikigoma, lawama huiangukia bodi ya elektroniki, kipuri cha bei kubwa. Mara nyingi inasingiziwa. Fundi mzoefu huanza na soketi, waya wa plagi, kitasa cha mlango na chujio la pampu, maficho ya sarafu na vifungo.

Kisha mita. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 husoma takriban omu 29. Mita ikionyesha njia imekatika, hita ndiyo mbovu.

Kuchomoa plagi ni lazima, ila hakutoshi: kapasita kubwa ya bodi huweza kubaki na zaidi ya volti 300 kwa muda. Ipimwe kabla ya kuguswa.

Waya zipigwe picha kwa simu kabla ya kuchomolewa. Kapasita iliyovimba, lehemu yenye ufa kwenye miguu ya rilei, hata mende waliokauka, huonekana kwa macho. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile; kuiunga kwa kipande cha waya, ujanja unaopendwa vichochoroni, ni kuualika moto.

Bodi iliyozamishwa kwenye gundi ngumu dhidi ya unyevu ni kazi ya fundi, na bei ya mpya iulizwe kwanza.