SOMO LA VIJANA NA WAZAZI: Kujiandaa kwa Mbio za Baiskeli, Mwili na Akili

Katika somo la mwezi huu tunajifunza namna ya kupanga mazoezi ya mbio za baiskeli, chombo ambacho wengi wetu nyumbani tulikiita kinga.

Kwa nini somo hili? Kwa sababu tunaona vijana wetu wakianza mazoezi wiki moja kabla ya mbio. Wanapanda vilima kila siku, tumbo likiwa tupu, na siku yenyewe wanafika wamekwisha kuchoka. Wazazi nao wanalalamika kwamba baiskeli ni ya kubebea maji na mkaa, si ya kuchezea. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alipoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London na kushindana kwa baiskeli ya milimani. Masomah Ali Zada wa Afghanistan alikimbilia Ufaransa mwaka 2017, na mwaka 2021 akashindana Tokyo katika timu ya wakimbizi. Eyeru Gebru, aliyekimbia vita vya Tigray, alishindana Paris mwaka 2024 katika timu hiyo hiyo. Hatusemi kila kijana wetu atafika huko. Tunasema hakuna aliyefika huko bila mpango.

A. MPANGO WA WIKI 12

Chukueni kalenda, wekeni alama siku ya mbio, kisha hesabuni kurudi nyuma.

Wiki ya 1 hadi ya 4 ni msingi. Endesha mara tatu au nne kwa wiki, polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Anza na dakika 45, na safari moja ndefu ya wiki iongezeke kidogo kidogo. Mwendo huu unaonekana wa wazee, lakini ndio unaofundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja.

Wiki ya 5 hadi ya 8 ni nguvu. Siku moja au mbili kwa wiki tafuta kilima. Panda dakika tatu au nne kwa bidii, kiasi cha kuweza kutamka maneno machache tu. Shuka taratibu, pumzika, rudia mara nne. Siku nyingine endesha polepole kama mwanzo.

Wiki ya 9 hadi ya 11 ni kasi. Kimbiza baiskeli sekunde 20 au 30, pumzika, rudia. Jifunzeni pia kwenda kwa kundi, maana anayekaa nyuma ya mwenzake anakingwa na upepo na kutumia nguvu kidogo.

Wiki ya 12 ni kupunguza. Endesha nusu ya muda uliozoea. Msiogope, nguvu haipotei kwa wiki moja. Kinachoondoka ni uchovu.

Kila wiki ya nne punguza kazi, na kila wiki iwe na siku nzima ya kupumzika. Kwetu Jumapili inafaa. Mwili haujengwi kilimani, unajengwa usingizini. Kabla ya kuamka, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi kawaida yako kwa mapigo kama 10, na miguu ni mizito, siku hiyo lala.

B. KAZI NA CHAKULA

Hapa ndipo penye uzito kwetu, kwa sababu posho imepunguzwa na nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku.

Kwanza, kazi ihesabiwe. Kijana aliyesukuma baiskeli yenye madumu matatu ya lita 20 amepandisha kilo 60. Hiyo ndiyo siku yake ya kilima, asiongezewe nyingine. Mzazi akilijua hili, ataona kwamba kuchota maji na kufanya mazoezi si maadui.

Pili, mazoezi yafuate chakula, si chakula kufuata mazoezi. Siku ambayo hakuna chakula cha kutosha, safari ndefu iahirishwe. Ugali, viazi vitamu na ndizi ndiyo mafuta ya miguu. Maharage, karanga na dagaa ndivyo vinavyotengeneza misuli iliyochoka. Ukienda zaidi ya saa moja, beba ndizi mbili na maji safi. Lakini sahani ya mshindani isijazwe kwa kupunguza ya wadogo zake. Mbio zinazoacha mtoto na njaa zimekwisha kushindwa nyumbani.

Tatu, binti anayefanya mazoezi akiona siku zake zimekatika, huenda mwili unalia kwa kukosa chakula. Apunguze mazoezi, na mama yake amfikishe kwa muuguzi.

C. AKILI

Jiwekee lengo lililo mikononi mwako. "Nitakuwa wa kwanza" linategemea miguu ya wengine. "Nitapanda kilima cha pili bila kushuka" linategemea yako.

Pita njia ya mbio mapema. Usiku funga macho uipite tena: kona, changarawe, daraja. Kisha panga majibu: mnyororo ukitoka, nitashuka, nitaurudisha, nitaendelea bila hasira. Aliyejibu mapema hababaiki njiani. Kabla ya kuanza, vuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi, mara tano.

Tunajua pia kwamba kati yetu wapo ambao usingizi hauji na kelele huwashtua. Ndiyo maana tunawaomba waandaaji waanzishe mbio kwa bendera au filimbi, wala si kwa mlio unaofanana na risasi. Baiskeli humpa kijana mwenye mawazo mazito nafasi ya kupumua, lakini haichukui nafasi ya mtu wa kuzungumza naye. Tumtafutie mzee anayeaminika au mshauri wa kituo cha afya.

D. CHOMBO

Kalia siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Siti ikiwa chini mno, magoti yataumia. Kagua breki na matairi kila asubuhi. Kofia ngumu ivaliwe hata katika mazoezi.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho (1 Kor. 9:24-27), alichukua mfano wa wanamichezo kwa sababu ya kiasi chao. Kiasi ndicho mpango wetu wote.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Nyumbani kwetu baiskeli ina kazi gani, na ni saa ngapi iko huru kwa mazoezi?
2. Wiki hii chakula kinaruhusu mazoezi ya kiasi gani?
3. Nani kati yetu anafanya bidii mchana lakini usiku halali? Tumemwuliza?