Madoa ya Mawe Yaonyeshayo Umri

Apandaye Mlima Kenya, akiisha kupita misitu na mianzi, hufika penye mawe matupu yapigwayo na jua kali mchana na baridi kali usiku. Juu ya mawe hayo huonekana madoa ya manjano yaliyochanganyika na kijani, yenye mistari myeusi kama mipaka ya nchi katika ramani. Wengi hudhani kuwa ni rangi ya jiwe lenyewe. Sivyo, ni kitu chenye uhai, nacho huitwa likeni.

Mwaka 1867 Simon Schwendener, mtaalamu wa Uswisi, alieleza kwamba likeni ni viumbe viwili vikaavyo pamoja: kuvu, na mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Kuvu hushika jiwe na kuhifadhi maji. Mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Wenziwe wengi walimkatalia. Likeni hii ya ramani hushikamana na jiwe hata haibanduki ila jiwe limeguliwe.

Ajabu yake kubwa ni kukua polepole. Penye baridi, mara nyingi upana wake hauongezeki hata milimita moja kwa mwaka. Basi doa la sentimita 10 huenda likapita umri wa miaka 100.

Mwaka 1950 Roland Beschel wa Austria alionyesha faida yake. Barafu ya mlimani irudipo nyuma huacha mawe yasiyo na uhai wowote, na baadaye likeni huanza kuota hapo. Kwanza hupimwa madoa yaliyo juu ya mawe ya makaburi yenye tarehe, ili ijulikane hukua kwa kiasi gani mahali pale. Kisha hupimwa doa kubwa kuliko yote katika mawe yaliyoachwa na barafu. Hesabu ya Ulaya haifai kutumiwa Afrika, na madoa mawili yaliyoungana humdanganya mpimaji.

Katika miaka ya 1980 likeni za jamii hii zilipimwa Mlima Kenya, katika vifusi vya mawe vilivyosukumwa na barafu za Lewis na Tyndall. Barafu hizo zimepungua sana tangu Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899. Zilikuwa zimefika wapi zamani zaidi, hakuna aliyeandika. Madoa hayo ni miongoni mwa kumbukumbu chache zilizosalia. Msafiri akwaruzaye jina lake juu ya jiwe hufuta kwa dakika chache kazi ya karne nzima, na mpimaji ajaye nyuma yake atalidhani jiwe hilo limeachwa na barafu juzi tu.