Mali ya Umma ni Amana: Waliosahauliwa Watangulizwe

Mtu anayeanza kuichungua dini mara nyingi hujiuliza: Dini ina shughuli gani na mabomba ya maji, barabara na shule? Je, hayo siyo mambo ya serikali, na kazi ya dini ni sala na saumu? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Katika somo hili tutaonyesha ya kwamba matumizi ya mali ya umma ni jambo la dini hasa, kwa kuwa mali hiyo ni amana. Na amana hiyo haitimizwi mpaka waliosahauliwa wafikiwe kwanza, tena kwa kazi iliyo njema. Kisha tutautazama mji mmoja wa zama zetu ulioijaribu njia hiyo, tuone ulipata nini na ulikosa nini.

1. Msingi wa mafundisho

Kurani Tukufu, katika sura Al-Hashr, inaeleza jinsi ya kutumia mali iliyoingia mikononi mwa umma pasipo vita. Inawataja mayatima, maskini na wasafiri miongoni mwa wenye haki, kisha inatoa sababu ya amri hiyo: mali isiwe kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Iangalie vema sababu hiyo. Aya haisemi ya kuwa tajiri asiwepo, wala haimkatazi mtu kumiliki alichokichuma kwa halali. Inachokikataza ni mzunguko uliofungwa, ambamo mali hutoka kwa mwenye nacho ikaenda kwa mwenye nacho, na maskini akabaki akiitazama ikipita. Maji yanayozunguka ndani ya birika hayanyweshi shamba.

Huenda ukasema: Je, sadaka haitoshi? Sadaka ni jambo kubwa, na Uislamu umeisisitiza sana. Lakini mfikirie mjane akaaye mlimani, mbali na maji. Ukimpa debe moja leo, umemsaidia leo, na kesho atakuwa na kiu tena. Bomba likifika mlangoni pake, atakunywa yeye, jirani zake na wajukuu zake, wala hatakuwa na haja ya kumnyoshea mtu mkono. Basi ipo huruma inayotuliza shida, na ipo huruma inayoiondoa. Hii ya pili kwa kawaida hupita uwezo wa mtu mmoja, na ndiyo maana umma huwa na hazina.

Hata hivyo mtu mmoja aweza kuifungua njia. Waislamu walipohamia Madina, maji matamu yalikuwa haba, na kisima cha Ruma kilikuwa mali ya mtu aliyeyauza maji yake. Mtume Muhammad s.a.w. aliwahimiza masahaba wakinunue kwa ajili ya watu wote, na Seyidna Uthman r.a. akakinunua, akakitoa wakfu. Tangu hapo tajiri na fukara waliteka maji humo kwa haki moja.

2. Hukumu ya Seyidna Umar r.a.

Iraki ilipofunguliwa, Waislamu walipata ardhi yenye rutuba nyingi iliyoitwa Sawad. Baadhi ya masahaba waliona ya kwamba ardhi hiyo igawanywe kwa askari waliopigana. Seyidna Umar r.a., Khalifa wa pili, hakukubali. Aliuliza: Ikigawanywa yote leo, watakaokuja baadaye watapata nini? Wajane na mayatima watatunzwa kwa kitu gani?

Hakuamua kwa nguvu. Aliwakusanya watu wa shauri, wakajadiliana kwa siku kadhaa, naye akatoa hoja kwa aya zile zile za sura Al-Hashr, kwa kuwa baada ya kuwataja Wahamiaji na Wasaidizi zinawataja pia wale watakaokuja baada yao. Mwishowe ardhi iliachwa mikononi mwa wakulima wake, nao wakalipa kodi iliyoitwa kharaji, na kodi hiyo ikaingia katika Baitulmali, yaani hazina ya umma. Hivyo mali ambayo ingaliweza kutajirisha kizazi kimoja ikawa riziki ya vizazi vingi.

Mnamo mwaka 18 wa Hijra, yaani 639, njaa kali iliingia Hijazi. Chakula kililetwa kutoka nchi nyingine na watu wakalishwa. Lakini Seyidna Umar r.a. hakukomea hapo. Kwa amri yake liwali wake wa Misri, Amr bin Al-As r.a., aliuchimbua upya mfereji wa kale uliounganisha mto Naili na Bahari ya Shamu, ili nafaka ya Misri ipite kwa mashua mpaka ufukoni mwa Arabuni. Kulisha wenye njaa kulikuwa huruma ya siku ile, na mfereji ulikuwa huruma ya miaka iliyofuata.

3. Mji mmoja wa zama zetu

Labda utasema: Hayo ni ya kale. Basi na tuutazame mji wa Medellín, nchini Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Viongozi wake hawakuwa Waislamu, wala hawakudai kuifuata Kurani. Lakini kanuni ya haki huzaa matunda popote inapofuatwa, kama mvua inavyootesha mbegu bila kuuliza shamba ni la nani.

Medellín umejengwa bondeni. Viwanda, maduka na nyumba nzuri vilikaa chini, na wakulima waliokimbia vita na umaskini wa mashambani wakapanda milimani, wakajijengea vibanda. Huko juu huduma zilichelewa kufika. Kijana aliyetafuta kazi bondeni alishuka na kupanda ngazi nyingi na kungoja basi kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa dawa za kulevya hawakuchelewa. Waliwakuta vijana hao bila kazi, wakawapa bunduki. Mwaka 1991 peke yake watu zaidi ya 6,000 waliuawa katika mji huo.

Mwaka 2004 mji ulifungua njia ya magari ya nyaya, yaani vyumba vidogo vinavyosafiri angani vikining'inia kwenye kamba za chuma, kutoka kituo cha reli bondeni mpaka mtaa wa Santo Domingo Savio mlimani. Kazi hiyo ilianzwa na waliotangulia, lakini meya Sergio Fajardo, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na aliyeongoza mji kuanzia 2004 hadi 2007, aliikamilisha kwa kanuni iliyo wazi: majengo mazuri kupita yote yajengwe kwa maskini. Maktaba kubwa zenye viwanja zilijengwa katika mitaa iliyodharauliwa, pamoja na shule, njia za miguu na madaraja. Wakazi walishirikishwa kuamua sehemu ya bajeti ya mji. Mwaka 2011 ngazi za umeme zenye urefu wa mita 384 zikawekwa katika mtaa wa mlimani uliojulikana zamani kwa mapigano.

Je, fedha zilitoka wapi? Nyingi zilitokana na kodi, na nyingine kwa shirika la maji na umeme lililoanzishwa mwaka 1955, ambalo ni mali ya mji wenyewe. Kila mwaka sehemu ya faida yake hurudi katika hazina ya mji. Mahali pengine faida ya namna hiyo huishia kwa wenye hisa wachache. Hapa ilijenga shule.

Wataalamu walilinganisha mitaa iliyofikiwa na magari ya nyaya na mitaa ya aina hiyo hiyo isiyofikiwa. Wakaona ya kuwa kati ya mwaka 2003 na 2008 mauaji yalipungua katika mitaa yote, lakini kupungua kwake katika mitaa iliyofikiwa kulizidi kwa asilimia 66. Haki yatulazimu kusema ya kwamba mengine pia yalisaidia, kama vile kuweka silaha chini kwa baadhi ya makundi yenye kupigana. Lakini tofauti baina ya mitaa ile yabaki kuwa ushahidi.

Tusifiche upungufu. Maktaba iliyosifiwa kuliko zote, iliyofunguliwa Santo Domingo mwaka 2007, ilionekana baadaye kuwa na kasoro katika ujenzi wake, ikafungwa kwa miaka mingi, na watoto wa mtaa ule wakanyimwa kile walichopewa. Tena, pengo kati ya tajiri na maskini katika mji huo bado ni kubwa. Barabara humfikisha mtu penye kazi, lakini haimpi kazi.

4. Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, tuanze na aliye nyuma. Tukiingoja neema ya bondeni ipande mlimani yenyewe, tutangoja sana.

Pili, maskini apewe kilicho kizuri. Kumjengea kitu hafifu kwa kuwa ni maskini ni kumdharau kwa mara ya pili, na ukuta mbovu huila amana sawasawa na mwizi.

Tatu, pawepo shauri. Seyidna Umar r.a. alishauriana kabla ya kuamua, na watu wa milimani waliulizwa haja zao. Avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Nne, tuwakumbuke watakaokuja. Jengo bila fungu la matengenezo ni deni tunalowaachia watoto wetu.

Usidhani ya kuwa mambo haya ni ya mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 204, iliweka Hazina ya Usawazishaji, ili nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa itumike kufikisha maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Lakini fedha hizo zilikawia miaka mingi kuwafikia waliokusudiwa. Katika Tanzania, sheria ya mwaka 1982 inawapa wanakijiji mkutano mkuu wao, ambamo wana haki ya kusikia hesabu za kijiji. Sheria njema basi zipo. Lakini sheria haina miguu. Hutembea kwa miguu ya watu waaminifu.

Hapa ndipo swali linapokugeukia wewe, ndugu msomaji. Unaposali safu moja na jirani yako maskini, mabega yenu yakigusana, unakiri ya kuwa mko sawa mbele ya Mwenyezi Mungu. Je, ukiri huo waishia mlangoni mwa msikiti? Ukiwa karani, fundi au mjumbe wa kamati, shilingi ya umma ipitayo mkononi mwako ni maji ya yule mjane, nawe utaulizwa. Na usipokuwa na cheo chochote, una ulimi wa kuuliza hesabu kwa adabu, na mikono ya kusaidia kuchimba mtaro.

Maswali ya kujipima

1. Je, sura Al-Hashr inakataza utajiri, au inakataza jambo gani?
2. Kwa nini Seyidna Umar r.a. hakuigawa ardhi ya Iraki?
3. Katika mtaa au kijiji chako, ni nani aliyeko mbali kupita wote na maji, shule na matibabu? Mara ya mwisho haja yake ilitajwa lini katika mkutano?

Ukilijibu swali la tatu, usiliache jibu hilo katika daftari. Lipeleke mkutanoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika amana kubwa na ndogo, na atufanye wenye kuwakumbuka waliosahauliwa. Amin.