Mshumaa wa umeme: Ujanja uko kwenye mwali, hesabu iko kwenye betri

Somo la wiki hii linahusu bidhaa ndogo iliyoingia kimya kimya katika maduka ya mapambo: mshumaa wa umeme ambao mwali wake huchezacheza kama wa moto. Tunawalenga hasa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa Handeni na Korogwe wenye mtaji wa laki chache na fundi redio mmoja wa kuaminika. Wanataka kujua kama bidhaa hii yaweza kutengenezwa hapa hapa, na ikitengenezwa, kama italipa.

Kwa kifupi, inaweza kutengenezwa, na gharama ya kuufanya mwali udanganye jicho ni ndogo. Hasara hujificha kwenye betri na kwenye namna ya kuuza. Anayepiga hesabu ya faida kabla ya hesabu ya betri ajiandae kurudishiwa mzigo.

MTEJA ANANUNUA NINI?

Mshumaa wa kawaida wa nta hutoa mwanga wa takriban lumeni 12. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu atakayenunua mshumaa wa umeme ili apate mwanga, hasa katika wilaya ambayo kituo chake cha Hale kilianza kuzalisha umeme wa maji mwaka 1964. Mteja hununua sura ya moto bila hatari ya moto.

Wateja wa aina hiyo wapo. Wa kwanza ni wapambaji wa kumbi za harusi, send-off na kitchen party, ambao hutumia vitambaa vyepesi vinavyoshika moto haraka. Wa pili ni wenye hoteli na nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu inayopita Korogwe na Mombo kuelekea Moshi, pamoja na wa Lushoto, ambako watalii hupanda kutafuta baridi. Wa tatu ni familia zinazofanya sherehe za kuzaliwa na kumbukumbu za marehemu.

Wako pia wateja wa kuwaendea kwa uangalifu. Kanisa Katoliki, kwa mfano, kwa waraka wake wa mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka, linataka mshumaa wa Pasaka uwe wa nta. Usipeleke mzigo parokiani kabla hujamwuliza paroko ni mahali gani mshumaa wa umeme unakubalika na wapi haukubaliki.

Wanafunzi wa bweni tunawaweka mbali kabisa na bidhaa hii. Ni kweli kwamba mishumaa imeleta maafa. Katika moto wa Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, mwezi Agosti 2009, wasichana 12 walifariki, na taarifa za wakati huo zilitaja mshumaa kuwa chanzo. Hata hivyo, mwali wa umeme unaochezacheza ni hafifu na huchosha macho ya msomaji. Mwanafunzi auziwe taa ya sola yenye mwanga uliotulia. Kumwuzia pambo kwa jina la taa ya kusomea ni kumdhulumu, naye hatarudi dukani kwako.

TABIA TATU ZA MWALI WA KWELI

Kabla ya kununua vifaa, washa mshumaa halisi mezani, ukae nao robo saa. Utaona mambo matatu.

Kwanza, rangi. Mwanga wa mshumaa una joto la rangi la takriban Kelvin 1,900, yaani ni wa manjano yenye uwekundu. LED nyeupe ya tochi haifai hata kidogo. Itakupa mshumaa wenye sura ya zahanati. Chagua LED ya rangi ya kaharabu, yaani njano iliyoiva.

Pili, mpangilio wa kucheza. Penye hewa tulivu mwali husimama karibu bila kutikisika. Upepo ukipita, mwanga hushuka ghafla, kisha hupanda tena polepole hadi ulipokuwa. Mshumaa hauwaki na kuzimika kwa mapigo sawasawa kama taa ya gari inayoonyesha kona. Bidhaa nyingi za bei ya chini hushindwa hapa.

Tatu, mwanga wenyewe huhama. Mwali unapoinama, chanzo cha mwanga kinasogea, na kivuli cha glasi iliyo mezani kinasogea pia. LED moja, hata ikipangwa vizuri namna gani, hutoa kivuli kilichoganda. Jicho linahisi udanganyifu huo hata kama mwenye jicho hawezi kueleza ni nini.

NJIA MBILI ZA KUUTENGENEZA

Njia ya kwanza ni ya kimakanika. Kipande chembamba cha plastiki chenye umbo la mwali hutundikwa kwenye waya ili kiweze kubembea. Chini yake kuna sumaku ndogo, na chini ya sumaku kuna koili inayopewa umeme kwa mapigo yasiyolingana. Kipande kinayumba, nayo LED iliyofichwa pembeni inakimulika. Matokeo yake ni mazuri sana. Ubunifu wa namna hii ulitoka kwa Gary Schnuckle wa kampuni ya Disney, ambayo ilipewa hataza zake Marekani mwaka 2010 na 2011. Kampuni ya Candella ya Minnesota ikapata leseni na kuuza mishumaa hiyo kwa jina la Luminara. Baadaye ulizuka mgogoro na kampuni ya Liown ya Shenzhen, China, na mwaka 2016 shauri likafika mahakama ya rufani ya Marekani.

Mwekezaji wa Korogwe ajifunze nini hapo? Hataza ya Marekani haina nguvu yenyewe Tanzania, lakini anayenuia kutumia njia hii aulize kwanza BRELA kama kuna hataza inayotambuliwa hapa nchini, na asibandike jina la watu kwenye boksi lake. Zaidi ya hayo, kipande kinachobembea ni rahisi kukwama kikisafirishwa kwenye barabara ya vumbi.

Njia ya pili haina kitu kinachotembea, nayo ndiyo tunayoipendekeza. Weka LED tatu ndogo za kaharabu ndani ya ncha ya mshumaa, kila moja kwa urefu tofauti kidogo na ikielekea upande wake. Kila LED ipewe mpangilio wake wa kupanda na kushuka. Moja ikififia na nyingine ikizidi, mwanga unaonekana kuhama, na kivuli kinasogea.

Ziongozwe na chipu ndogo inayopangwa kwa programu, mathalani ATtiny13 yenye miguu 8. Programu izalishe namba za kubahatisha, na kila namba iwe kiwango cha mwanga kinacholengwa. Tuseme kiwango kinabadilika mara 20 kwa sekunde. Ukitumia namba za biti 8 kwa njia ya kawaida ya rejista ya kuzungusha, mfuatano wote una hatua 255. Gawanya kwa 20: mwali unarudia mchezo ule ule kila baada ya sekunde 13 hivi, na mgeni aliyekaa mezani atauzoea kabla soda yake haijafika. Ukitumia biti 16, hatua ni 65,535, sawa na dakika 54 na nusu. Hakuna atakayegundua. Tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ni mistari michache ya programu tu.

Jambo la mwisho kwa fundi: mwanga usiruke kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Kila hatua usogee robo tu ya umbali uliobaki kufikia kiwango kinacholengwa. Kwa kanuni hiyo mwali unalainika na kuacha kurukaruka kama waya uliolegea.

BETRI NDIYO INAYOKULA FAIDA

Tuchukulie mshumaa wetu unatumia wastani wa miliampea 10. Betri mbili za alkali za saizi AA, zile za saa ya ukutani, hubeba kiasi cha miliampea-saa 2,000. Zitadumu saa 200. Anayewasha saa 4 kila usiku atapata usiku 50.

Sasa tazama mishumaa midogo inayotumia betri bapa kama sarafu, aina ya CR2032. Betri hiyo hubeba takriban miliampea-saa 220. Hata ukipunguza matumizi hadi miliampea 5, unapata saa 44, sawa na usiku 11, na siku za mwisho mwali unakuwa umenyong'onyea. Mteja wa Chanika hatasema betri imeisha. Atasema umemwuzia kitu kibovu. Tena betri hizi ni hatari kwa watoto. Mtoto akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kumwunguza ndani kwa muda wa saa 2 tu. Kama ni lazima kuitumia, kifuniko kifungwe kwa skrubu.

Chaguo la tatu ni betri za kuchaji za saizi AA. Kila moja ina volti 1.2, mbili zinafika volti 2.4. LED ya kaharabu huhitaji volti 2 hivi, kwa hiyo itawaka. LED nyeupe huhitaji karibu volti 3, haitawaka vizuri bila mzunguko wa kupandisha volti. Hii ni sababu ya pili ya kuchagua kaharabu.

Amua aina ya betri kabla ya kununua rizista. Kwa betri za kawaida una volti 3. Toa volti 2 za LED, inabaki 1. Ukitaka miliampea 5 kwa kila LED, gawanya 1 kwa 0.005, unapata omu 200. Ile ya omu 220 ndiyo rahisi kupatikana, nayo inafaa. Kwa betri za kuchaji inabaki volti 0.4 tu, na jibu ni omu 80. Tumia ya 82. Ukichanganya mambo hayo mawili utapata mishumaa 100 hafifu, na kazi ya kufumua risasi upya.

MWILI WA MSHUMAA

Mwili wa plastiki tupu haumvutii mteja wa hoteli. Ganda la nta halisi, lenye unene wa milimita 3 hadi 5 kileleni, hupitisha mwanga na kuufanya laini. Hapa Handeni ina nafasi yake. Ni wilaya ya wafugaji nyuki, na nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Sentigredi, wakati baadhi ya nta za mafuta ya petroli hulegea mapema zaidi. Hilo si jambo dogo kwa mzigo unaokaa mchana kutwa ndani ya basi au nyuma ya bati katika joto la Korogwe. Rangi yake ya manjano nayo inasaidia kuupasha mwanga wa LED.

HESABU YA MFANO

Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu; kila mtu aweke bei za soko lake. Tuseme mshumaa mmoja unagharimu shilingi 5,000 kuutengeneza na unauzwa 8,000. Mishumaa 100 inakula mtaji wa 500,000 na kuingiza 800,000. Faida ni 300,000.

Wateja 10 wakirudisha na kudai fedha zao, mauzo yanashuka hadi 720,000 na faida hadi 220,000. Wakirudisha 25, mauzo ni 600,000 na faida ni 100,000. Robo ya mzigo ikirudi, theluthi mbili ya faida imekwenda, kabla hujalipa nauli wala kodi ya fremu.

Sasa geuza biashara. Mishumaa hiyo hiyo 100 usiiuze, ikodishe kwa wapambaji kwa shilingi 1,000 kila mmoja kwa shughuli moja. Shughuli moja inaingiza 100,000, na shughuli 5 zinarudisha mtaji wote. Shughuli ya saa 6 inatumia miliampea-saa 60 tu, kwa hiyo betri za alkali zinatosha shughuli 33 kwa hesabu, tuseme 25 kwa uhakika. Betri inabaki mikononi mwako, unaipima mwenyewe kabla ya mzigo kutoka, na mshumaa wenye kasoro unatengenezwa kimya kimya bila mteja kujua. Kwa barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni, mzigo mmoja unaweza kuhudumia harusi ya Jumamosi Manundu na ya Jumapili Chanika.

USHAURI WETU

Asiyejua aanze na mishumaa 10. Aiwashe mfululizo kwa saa 48, ahesabu iliyozima, ndipo aagize vifaa vya 100. Aanze na kukodisha. Kuuza kufuate baada ya msimu mmoja wa harusi, akiwa na daftari linaloonyesha ni mishumaa mingapi iliharibika na kwa sababu gani. Atakapotaka kuuza kwa wingi madukani, aende ofisi ya SIDO mkoani Tanga kwa ushauri wa utengenezaji, na TBS kuhusu ubora.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mshumaa wa umeme, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uwe wa betri.