Kanopi ya Hema na Kanopi ya Mgunga

Mkazi wa Kitengela hukutana na neno kanopi mara nyingi. Kwa fundi wa magari, ni kifuniko cha nyuma ya pikapu. Kwenye kituo cha mafuta, ni paa linalokinga pampu na wateja. Kwa wanaokodisha vifaa vya harusi, matanga na mikutano, ni hema lisilo na kuta. Afisa wa misitu naye akilitaja, anazungumzia matawi na majani ya juu ya miti, yaani mwavuli wa miti.

Maana hizi zote zinakutana mahali pamoja: kitu kilicho juu kinachofunika kilicho chini. Kazi ndiyo inayozitofautisha.

Hema huzuia jua na mvua, basi. Maji ya turubai humwagika pembeni na kuchimba udongo. Mgunga, ambao Wamaasai huuita oltepesi, hufanya zaidi. Majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa. Majani yaliyoanguka na nyasi zilizo chini yake hukinga udongo, na mizizi husaidia maji kuingia ardhini. Wakati wa kiangazi, maganda yake huwa lishe ya mbuzi.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ifanye kazi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilionyesha asilimia 12.13, na lengo la taifa ni asilimia 30 ifikapo 2032. Kinachopimwa hapa ni eneo lililofunikwa na miavuli ya miti, si idadi ya mashina.

Tuchukue mfano wa hekta moja, karibu ekari mbili na nusu. Mti wenye mwavuli wa upana wa mita 8 hufunika takriban mita 50 za mraba. Miti 20 ya aina hiyo, isiyogusana, hufunika mita 1,000 za mraba na ushei: zaidi kidogo ya asilimia 10. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hutumia kuita eneo msitu, miti ikiwa imezidi mita 5 kwa urefu. Mti mmoja ukikatwa kwa ajili ya makaa, eneo hilo linashuka chini ya kiwango.

Zoezi: Pima mwavuli wa mti wako kutoka ukingo hadi ukingo, mara mbili kwa njia panda, kisha utafute wastani. Zidisha nusu ya wastani huo kwa yenyewe, halafu kwa 3.14. Utapata eneo unalofunika.

Hema likichanika, jingine hukodishwa siku hiyo hiyo. Mche uliopandwa leo utahitaji miaka mingi kuziba pengo la mgunga mmoja. Kabla ya kukata, uliza kwanza katika ofisi ya misitu iliyo karibu nawe.